Taa ya ABS, tukishuka Uyole

Jamani, Jumapili tumerudi kutoka Tukuyu na gari letu la familia. Viti vyote vimejaa, mkungu wa ndizi nyuma, mama yangu kiti cha mbele. Tumeanza kushuka kuja Uyole, nakanyaga breki taratibu, pedali ikatetema na kukoroma kama nakanyaga mchanga. Barabara kavu, spidi haifiki 20! Mara taa ya ABS hiyo, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, ikawaka.

Nikajikausha nisiwatishe watoto. Mama akanigeukia: "Mwanangu, hili gari linaumwa?"
"Limechoka tu, mama."
Nikaweka gia ndogo, nikashuka kinyonga mpaka chini. Breki za kawaida zilikuwepo, ila mgongo wote jasho, na baridi ile.

Leo fundi kachomeka mashine, ikataja sensa, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa tairi, ya mbele kushoto. Nikajua hapa naambiwa ninunue mpya. Wala! Kafungua tairi, kanionyesha ncha ya sensa imeota ndevu: unga wa chuma umegandana na tope. Kumbe ile ina sumaku. Ikichafuka inasoma vibaya, kompyuta inadhani tairi limejifunga linateleza, inaanza kuachia breki. Kaipangusa kwa kitambaa, kafuta kosa kwenye mashine, taa ikazima.

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, akanishikisha pedi za breki. Zimekwisha, chuma kinasaga diski. Unga ulikuwa unatoka hapo.

Ada ya shule ya mtoto itasubiri wiki hii. Mama naye anauliza ndizi zimefika salama.