Usimwulize bibi kama ni mfeministi

Tuseme unataka kulinganisha mitazamo ya vizazi kuhusu haki za wanawake. Ukimwuliza bibi wa miaka 78 kama yeye ni mfeministi, kisha ukamwuliza mjukuu wake swali hilohilo, utaondoka na majibu mawili yanayopishana na hutakuwa umejua lolote. Neno lenyewe limebadilika maana njiani. Mmoja husikia kura na kumiliki mali, mwingine husikia mishahara, kazi za nyumbani na unyanyasaji wa kingono kazini. Wako wanaosikia tusi tu. Ndiyo maana wengi hulikataa jina hilo, na papo hapo wakakubali kwamba mwanamke na mwanamume wanastahili haki sawa.

Anza na milango, maoni yatafuata. Chukua mwaka aliozaliwa, ongeza 20, halafu tafuta sheria za nchi yake zilimruhusu nini mwaka huo: kupiga kura, kufungua akaunti, kurithi, kubaki kazini baada ya ndoa. Mwanamke wa Uswisi aliyezaliwa 1950 alitimiza miaka 20 akiwa hana kura ya kitaifa, aliipata 1971. Kama aliishi jimbo la Appenzell Innerrhoden, kura ya jimbo aliisubiri mpaka mahakama ya shirikisho ilipoamua mwaka 1990, ana miaka 40 tayari. Ufaransa, mke aliruhusiwa kufungua akaunti na kuajiriwa bila idhini ya mumewe mwaka 1965. Ireland iliendelea kuwaondoa wanawake katika utumishi wa umma wanapoolewa hadi 1973. Binti aliyelelewa na mama aliyeacha kazi kwa sababu ya pete, na binti aliyemkuta mama yake ni mkuu wa idara, watalipimaje neno "fursa" kwa kipimo kimoja?

Sheria peke yake haitoshi, kwa kuwa mlango wa mahakamani unaweza kufunguliwa na wa nyumbani ukabaki na komeo. Hapo uliza vitu vya kuhesabika. Mshahara wa kwanza ulipokewa na nani, ukalipia nini? Ada ilipopungua, nani alikatishwa masomo? Mtoto alipougua, nani alikosa kazini? Muulize kila mtu peke yake. Mbele ya mume au mama mkwe utapewa majibu ya adabu. Na usimwulize bibi alifikiri nini alipokuwa na miaka 20. Kumbukumbu za maoni huvutwa zifanane na maoni ya leo, ilhali kumbukumbu za matendo huhimili zaidi, ingawa nazo si za kuaminiwa kipofu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi za aina hii ni kumweka bibi wa leo kando ya mjukuu wa leo na kuiita tofauti yote "kizazi". Mambo matatu yamefungwa fundo moja hapo: umri (uzazi, majukumu, uzee), rika (dunia waliyokulia) na wakati (tukio linalowapata wote kwa pamoja). Ukijua umri wa mtu na mwaka unaomhoji, mwaka wake wa kuzaliwa umeshaujua. Kwa hiyo mahojiano ya mara moja hayawezi kulifungua fundo hilo. Linalosaidia ni swali lilelile kuulizwa miaka mingi. Gallup, shirika la kura za maoni, waliwauliza Wamarekani mwaka 1937 kama wangempigia mwanamke kura ya urais ikiwa angekuwa na sifa nyingine zote. Sifa *nyingine* zote, kana kwamba uanamke ni upungufu uliokwisha kuhesabiwa! Asilimia 33 walikubali. Miongo kadhaa baadaye waliokubali walipita asilimia 90. Wazee kufariki kunaeleza sehemu tu ya badiliko hilo. Wapo waliobadilisha mawazo wakiwa hai. Lakini maneno ya swali nayo yalirekebishwa baadaye, kwa hiyo mwaka wa kwanza usiulinganishe na mingine bila tahadhari.

Umri nao una mtego wake. Katika nchi nyingi zenye takwimu nzuri, pengo la kipato kati ya wanawake na wanaume hutanuka hasa baada ya mtoto wa kwanza. Mjukuu wa miaka 22 anayesema mapambano yamekwisha huenda anasema kweli kuhusu milango aliyokwisha kuifikia. Yaandike majibu yake, weka tarehe, kisha mrudie akiwa na 35 kwa maswali yaleyale, neno kwa neno.