“Time” kwa Kifaransa: pitia Kiswahili kwanza

Leo nawaza tena juu ya neno “time”. Katika kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, nalihofia kuliko istilahi za sheria au za tiba, kwa sababu hakuna anayelitafuta kwenye kamusi. Mtu anaandika “temps”, anasonga mbele, na sentensi imeshaharibika.

Kifaransa kimeligawa neno hilo kwa “temps”, “heure”, “fois” na “époque”, huku “moment” likijipenyeza katikati. Msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo mara nyingi haitumii: lugha yake ilishagawa vivyo hivyo. Tuna muda, saa, mara na enzi. Basi sentensi ya Kiingereza iseme kwanza moyoni kwa Kiswahili, kisha uchague. “Three times” ni mara tatu, kwa hiyo “trois fois”. “What time is it?” ni saa ngapi, kwa hiyo “quelle heure est-il ?”. “In Nyerere’s time” ni enzi za Nyerere: “à l’époque de Nyerere”. Ukifika kwenye “sina muda”, hapo sasa ndipo penye “temps”: “je n’ai pas le temps”. Hiyo “le” ibaki. Waliokariri kwamba “du” hugeuka “de” kwenye ukanushi huandika “pas de temps”, ambayo mahali pake ni kama katika “pas de temps à perdre”, yaani hakuna muda wa kupoteza.

“Mara” na “fois” ni ndugu wa karibu sana, ila undugu huo una mitego miwili. Wa kwanza ni -po-. Sisi husema “mara ya kwanza nilipomwona”, na ile -po- inamvuta mtu kuandika “la première fois quand”. Kifaransa kinataka “que”: “la première fois que je l’ai vu”. Ni hivyo pia kwa “chaque fois que”, kila mara. Mtego wa pili ni “mara moja”. Ikiwa maana ni kuhesabu, ni “une fois”. Ikiwa maana ni sasa hivi, ni “tout de suite”. Wakiingia wawili kwa pamoja, ni “deux à la fois”. Na “fois” ina s hata ikiwa moja tu, kama “temps” yenyewe.

Kuna mahali Kiswahili hakisaidii. “Kwa wakati” yetu inabeba “on time” na “in time” bila kubagua, lakini Kifaransa kinazitenga. Basi la abiria lililofika saa iliyoandikwa kwenye ratiba limefika “à l’heure”. Daktari aliyefika kabla mgonjwa hajazidiwa amefika “à temps”. Jiulize: kuna saa iliyopangwa, au kuna jambo lililokuwa karibu kuharibika?

“At the time” nayo huhitaji uangalifu: “à l’époque” ni miaka ile, “à ce moment-là” ni dakika ile. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokaa Arusha, lugha za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Mahali kama hapo, kama shahidi alikuwapo mjini mwaka ule au alikuwapo mlangoni dakika ile si suala la mtindo wa uandishi.

“For a long time” ndiyo inayopotosha zaidi. “I have lived here for a long time” ni “j’habite ici depuis longtemps”, kitenzi kikiwa katika wakati uliopo. Ukiandika “j’ai habité ici longtemps”, msomaji ataelewa kwamba ulishahama. Fikiria “tangu”: ninaishi hapa tangu zamani. “Tangu” ni “depuis”, na kitenzi chetu nacho kimebaki na -na-.

Misemo mingine hulitupa “temps” kabisa, na mingine hulificha ndani ya msemo mrefu zaidi. “Have a good time” ni “s’amuser” au “passer un bon moment”. Saa za ziada kazini ni “heures supplémentaires”. Ratiba ya treni ni “horaire”, ya shule ni “emploi du temps”. Muda wa mwisho uliowekwa ni “délai”, neno linalofanana na la Kiingereza la kuchelewa ilhali kuchelewa ni “retard”. Kwenye mkataba, kosa hilo ni ghali. Katika mpira, mapumziko ni “mi-temps”. Dakika za nyongeza hutegemea: zile chache za kufidia baada ya dakika ya 90 ni “temps additionnel”, zile 30 za kutafuta mshindi ni “prolongations”.

Usipitie Kiswahili unapoandika namba ya saa yenyewe. Saa mbili na nusu usiku ni “20 h 30”, herufi h ikiwa na nafasi pande zote mbili. Saa nane mchana ni “14 h”. Saa sita mchana ni “midi”, saa sita usiku ni “minuit”.