Nilivyolisoma jengo la HSBC Hong Kong kuanzia chini

Kazi yangu ni usimamizi wa ujenzi Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kuna ghorofa moja nililotamani kusimama chini yake nitazame juu: jengo kuu la benki ya HSBC la Hong Kong, namba 1 Queen's Road Central. Nafasi ilipatikana nilipotumwa Foshan, mji wa China Bara karibu na Guangzhou, kuchagua vigae vya mradi. Kutoka Guangzhou hadi kituo cha West Kowloon, Hong Kong, treni ya kasi hutumia kama saa moja, na mpango wa kurudi Foshan kukamilisha oda nikaupanga uwe baada ya kuiona Hong Kong. Kwa hiyo viza ya China niliiomba ya kuingia mara mbili tangu mwanzo. Ukivuka kwenda Hong Kong unahesabiwa umetoka China Bara, na mwenye viza ya kuingia mara moja harudi nayo.

Wenzangu wa kazini walidhani lazima nitafute mtu wa kuniombea miadi benki. Sikuitafuta. Ofisi za juu ni za wafanyakazi, na mimi sikuwa na haja na meza zao. Nilichotaka kujua ni mzigo wa jengo unapita wapi kuelekea ardhini, na jambo hilo hapa limeachwa wazi nje, mtu yeyote alione. Nilichapisha mchoro wa mkato wa jengo, yaani unaoonyesha jengo kama limepasuliwa wima, nikaupaka rangi nyekundu kila palipobeba uzito, nikaukunja mfukoni.

Nilianzia ng'ambo ya bandari, Tsim Sha Tsui, nikapanda kivuko cha Star Ferry. Kwa jengo la aina hii ni vizuri kulikaribia polepole. Ukiwa majini unaona kwamba si mnara mmoja. Ni vipande vitatu vilivyosimama bega kwa bega, kimoja cha ghorofa 29, cha pili 36, cha tatu 44. Usoni kuna vyuma vikubwa vya pembetatu vinavyojirudia kadiri unavyopanda. Hizo ni kenchi. Ndiyo, kenchi, jamii ileile ya tunazoweka juu ya paa, ila hizi kila moja ina kimo cha ghorofa mbili, na zimewekwa katika viwango vitano vya jengo.

Nikaketi Statue Square, uwanja ulio mkabala na mlango, mchoro magotini. Ghorofa la kawaida huwa na kiini cha zege katikati, humo zinapita lifti na ngazi, na nguzo zinapangwa kukizunguka. Norman Foster, msanifu majengo aliyepewa kazi hii mwaka 1979, pamoja na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup, walikiondoa kiini hicho kabisa. Lifti zikasukumwa pembeni, upande wa mashariki na wa magharibi. Badala ya msitu wa nguzo kuna mihimili minane tu iliyosimama wima, kila mmoja ukiwa na mabomba manne ya chuma yaliyofungwa pamoja. Kenchi zinashikwa na mihimili hiyo, na sakafu zimetundikwa chini ya kenchi kama vyungu kwenye susu.

Kila siku saiti nawaambia vijana kwamba mzigo unashuka: kutoka slabu kwenda boriti, boriti kwenda nguzo, nguzo kwenda msingi. Hapa mzigo wa sakafu unapanda kwanza. Unavutwa juu na vyuma vya kuning'iniza hadi kwenye kenchi, unakwenda pembeni hadi kwenye mhimili, ndipo unateremka. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi. Lakini kulifuata kwa kidole kwenye karatasi, kisha kuinua macho na kukikuta kila chuma mahali pake, kulinipa furaha ambayo sijaipata kwenye jengo lingine.

Baada ya hapo nikavuka Des Voeux Road, inakopita tramu, nikaingia chini ya jengo. Hakuna geti. Ghorofa la chini lote ni uwanja ulio wazi, unapita kutoka barabara moja hadi nyingine bila kuulizwa. Si ukarimu mtupu. Benki ilipoutoa uwanja huo kwa umma, serikali iliiruhusu kujenga eneo kubwa zaidi la sakafu juu yake. Nawaombea wapangaji miji wetu walitazame jambo hili kwa makini, kwa maana maghorofa mengi ya katikati ya Dar yanashika kiwanja hadi mwisho wa mpaka, na mwenda kwa miguu anabaki kugombea ukingo wa barabara na bodaboda.

Juu ya kichwa kuna dari la kioo lililojipinda, na ngazi mbili ndefu za umeme zinalipenya kwenda ukumbi wa benki. Zimekaa mshazari, haziendi sambamba na kuta. Pembe yake ilichaguliwa baada ya kumsikiliza mtaalamu wa feng shui, imani ya Kichina kuhusu mpangilio wa majengo unaoleta heri, na uwanja kutokuwa na nguzo nyingi ndiko kulikowezesha ngazi kukaa vyovyote. Nilimsogelea mlinzi, nikamsalimu, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mtu wa ujenzi kutoka Tanzania na ningependa kupanda hadi ukumbini nitazame tu. Akaitazama karatasi yangu yenye rangi nyekundu, akaniuliza maswali mawili matatu, akaniruhusu kwa sharti la kutopiga picha. Ushauri wangu kwa mtu wa fani: nenda na mchoro mkononi. Unajieleza kabla hujafungua kinywa.

Juu ya ngazi unasimama katikati ya uwazi wa ghorofa kumi. Kote unakotazama unaona sakafu za ofisi, watu, na kenchi zinazokatiza hewani. Mwanga wa jua unashushwa humo kwa vioo. Kuna safu ya vioo nje, upande wa kusini, inayolifuata jua na kulirusha ndani, na vioo vingine juu ya uwazi vinaurudisha mwanga chini.

Jambo moja halionekani, nalo ndilo nimelifikiria zaidi tangu nirudi. Kiyoyozi cha jengo hili kinapozwa kwa maji ya bahari yanayoletwa kwa handaki lililochimbwa hadi bandarini. Posta yetu, katikati ya Dar, iko hatua chache kutoka baharini, hali ya hewa ni ya joto na unyevu, na bado tunajaza kuta za maghorofa maboksi ya kiyoyozi yanayorusha moto kwa jirani. Najua maji ya chumvi yanakula chuma na handaki si kazi ndogo. Lakini jengo hili lilikamilika mwaka 1985. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba teknolojia haipo.

Nilirudi Jumapili, na naomba anayekwenda asiikose siku hiyo. Uwanja uleule uliokuwa njia ya wenye suti unajaa wanawake wanaofanya kazi za ndani, wengi wao Wafilipino, wakiwa kwenye mapumziko yao ya wiki. Wanatandika maboksi yaliyokunjuliwa, wanakaa kwa makundi, wanakula, wanasukana nywele, wanapiga simu za video nyumbani. Nina binamu anayefanya kazi hiyohiyo Muscat, kwa hiyo sikupita kama mtalii. Nilimwamkia mama mmoja, akanikaribisha chakula, nikamuuliza kwa nini hapa. Akasema kuna kivuli, mvua haifiki, na upepo unapita. Mhandisi angehitaji kurasa kumi kuieleza faida ya kuondoa nguzo na kuta za chini. Yeye aliieleza kwa sentensi moja.

Simba wawili wa shaba walioko mlangoni, Stephen anayenguruma na Stitt aliyetulia, ni wa mwaka 1935, wa jengo lililotangulia hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walipelekwa Japani wakayeyushwe, wakanusurika, wakarudishwa. Ukimchunguza Stephen utaona matundu ya vita mwilini mwake.

Kwa mwenye saa chache tu, ningesema aache Peak Tram, treni ya watalii ya kupanda mlimani, na foleni yake. Avuke Queen's Road upande wa kusini, apande Battery Path, njia fupi yenye miti inayokwenda kanisa la St. John's. Kutoka hapo mgongo wa jengo unaonekana vizuri kuliko uso, na pembeni yake umesimama mnara wa Bank of China wa msanifu I. M. Pei, uliokamilika mwaka 1990. Huo nao unaonyesha mifupa yake nje, ila kwa vyuma vya mshazari vinavyoupeleka mzigo wote kwenye kona nne. Mchoro wake wa mkato nao uchapishwe kabla ya safari.