Mboga Nilizozing'oa

Jumapili jioni. Mvua imeshuka kutoka upande wa milima ya Nandi, ikapiga mabati kwa dakika 20 kana kwamba tuna deni lake, kisha ikaelekea ziwani. Nimekaa kwenye kizingiti, tope limenifika vifundoni, chai imeshapoa. Kesho ni kazini na nguo hazijapigwa pasi. Lakini leo mpapai wangu mmoja umetoa maua, na maua hayo yamenikasirisha kiasi kwamba nimeona afadhali niandike.

Nitaufikia huo mpapai.

Nilizaliwa Nakuru, nikalelewa katika nyumba za kupanga ambako udongo pekee tuliokuwa nao ni lile vumbi lililopita chini ya mlango mwezi wa Februari. Mboga kwangu ilikuwa kitu cha mama mboga, kimeshakatwakatwa nyembamba. Unalipa, unaenda kukaanga kitunguu. Sikuwahi kujiuliza ilikuwaje kabla ya kufika kwenye kisu chake. Mwaka jana kazi ikanihamishia Kisumu, nikapata nyumba Nyamasaria yenye kiwanja kidogo nyuma, hatua 12 kwa 6. Keyteka akaniambia, "Ukitaka lima hapo, mwenye nyumba hana shida. Bora usipande miwa." Hadi leo sijajua miwa ilimkosea nini.

Nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi inayonilisha. Mboga ya shilingi 30 kwa siku ni shilingi 900 kwa mwezi. Nikilima mwenyewe, hela hiyo inabaki mfukoni. Hesabu ilikuwa safi, ila haikuwa na jembe ndani yake, wala gambuti, wala mbolea, wala karai, wala neti ya kuzuia kuku wa ploti. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili wa kulima nilikuwa nimetumia shilingi 3,400 na sijala hata jani.

Halafu kuna udongo. Sisi wa upande huu tunakalia ule mweusi wa uwanda wa Kano, unaonata. Ukikauka unapasuka, ufunguo wangu wa kufuli ulitumbukia katika ufa mmoja nikautoa kwa waya wa hanga. Ukilowa unavimba na kujifunga, na kila hatua unainua tope kwa gambuti kama mtu aliyefungwa mawe miguuni. Maji yanatuama juu, mizizi inakosa hewa, mmea unageuka manjano huku umesimama ndani ya maji. Ushauri wa maana wa kwanza nilipewa na fundi wa pikipiki hapa barabarani, ambaye kwao ni Ahero: inua matuta, kisha changanya na maganda ya mpunga. Ahero wanalima mpunga wa kumwagilia, na kwenye vinu vya kukoboa maganda yanarundikwa hadi yanakuwa kero. Akaniletea magunia manne kwa bei ya mafuta tu. Maganda hayo hayaozi haraka, na faida yake ni hiyo hiyo: yanakaa katikati ya udongo, yanauzuia usijifunge tena. Nikainua matuta matatu, kimo cha nusu ya muundi, nikajiona mkulima.

Ila kabla ya matuta nilisafisha kiwanja, na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Kiwanja kilikuwa kimejaa magugu. Nasema magugu kwa sababu hakuna aliyeyapanda, na akilini mwangu kisichopandwa na mtu ni gugu. Siku mbili nilishinda nimeinama nayang'oa kwa mizizi: moja lenye majani mapana na maua madogo meupe, lingine lenye majani ya meno meno kingoni, lingine lenye shina jekundu. Nikayarundika kando ya ua. Jioni jirani yangu akaja na karai. Ni mama wa miaka sabini na kitu, na ploti nzima tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Kiluo (nyanya aliyemzaa mzazi, si ile ya kachumbari). Akainama, akachagua, akajaza karai, akasema asante, akaenda zake. Kesho yake tena. Nikadhani ana sungura. Moyoni nikamsifu kwa kufuga sungura katika umri ule. Kwa wiki kadhaa kila nilichopalilia nilimwekea upande wake wa ua kwa roho safi, kama mtu anayetoa sadaka.

Miche yangu ya kwanza ya sukuma niliiunguza mwenyewe. Nilinunua mbolea ya kuku kutoka kwa jamaa wa mtaa wa pili, ikiwa bado inanuka na ukiingiza mkono inafukuta, nikaimwaga kwenye tuta Jumamosi na kuhamishia miche siku hiyo hiyo. Kufikia Jumatano kingo za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Miche 40. Mbolea ya kuku ni kali, unairundika na kuifunika wiki nyingi hadi ipoe na isiwe na harufu tena. Kundi la pili likashika vizuri, ndipo vidukari wakaja, wale wa kijivu wanaojibandika chini ya jani mfano wa unga uliomwagika. Nikawaosha kwa maji ya sabuni ya kipande asubuhi baada ya asubuhi hadi wakapungua, hawakuisha. Mavuno ya kwanza yalikuwa majani saba. Niliyakata manene kama vidole, maana mkono wa mama mboga sina.

Nyanya ndizo zilizonivunja moyo. Mashina 18, yamenifika kiunoni, yamefungwa kwenye vijiti, vitunda vya kwanza ukubwa wa gololi. Siku moja saa saba mchana nikakuta shina moja limelegea, majani yakiwa bado kijani. Nikadhani ni kiu, nikalimwagilia. Jioni likainuka kidogo, kesho yake likalala, kesho kutwa likafa bila hata jani kugeuka manjano. Kisha la pili, kisha manne kwa mpigo. Nikaenda agrovet mjini, kijana wa kaunta hakuniuliza swali hata moja, akaniuzia dawa ya ukungu ya shilingi 450. Nikapuliza, nikapuliza tena. Ilikuwa sawa na kumtia aliyevunjika mguu dawa ya macho.

Ofisini nina mwenzangu aliyesomea kilimo kabla maisha hayajamleta kwenye vitabu vya hesabu. Akaniambia nikate shina moja karibu na ardhi, nilisimamishe ndani ya glasi ya maji safi, niache kulitikisa, nitazame tu. Nikafanya hivyo juu ya meza ya kulia. Baada ya dakika chache uzi mweupe mfano wa maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye mkato, polepole, moja kwa moja hadi chini ya glasi. Mnyauko wa bakteria. Wanaishi ardhini, wanapenda joto, wanaziba njia za maji ndani ya shina, ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu wakati udongo umelowa. Hakuna dawa ya kupuliza inayowafikia. Unang'oa, unapeleka mbali, na mahali pale husogezi nyanya, biringanya, pilipili wala viazi kwa misimu kadhaa; unapanda mahindi au sukuma.

Nilikaa nikiitazama ile glasi muda mrefu. Ilikuwa glasi ya wageni.

Jioni hiyo Dani akabisha hodi na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Nafikiri alikuwa ameniona nikibeba yale mashina kwenda kuyatupa.

"Nyathina," yaani mwanangu, "leo hujawasha jiko."

"Sina hamu, Dani."

"Kula."

Ugali wa mtama, na mboga ya kijani iliyokolea hadi karibu nyeusi, imechemshwa kwa maziwa. Uchungu kidogo unakugusa kwanza, halafu maziwa yanaufuata nyuma yanaulainisha. Nilikula bila kuongea. Nilipopangusa bakuli kwa tonge la mwisho nikamuuliza kama mboga hii ameinunua soko la Kibuye.

"Kibuye?" Akacheka hadi akashika fremu ya mlango. "Si wewe unanipa? Hiyo ni osuga ya kwako. Kila siku unang'oa, unaniwekea. Mimi nikasema, huyu mtoto wa watu ana roho nzuri, sijui yeye anakula nini."

Nikamuuliza kuhusu sungura.

"Sungura gani?"

Osuga ni managu, ule mnavu. Managu nimeila maisha yangu yote! Kule Nakuru, imeshachambuliwa, imeshakatwa, iko kwenye karatasi. Sikuwahi kuiona ikiwa imesimama kwa mizizi yake. Yale majani ya meno meno yalikuwa mrenda, ambayo Dani anaiita apoth. Lile shina jekundu ni mchicha, kwake ododo. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeinama nikitupa chakula ili nipate nafasi ya kupanda chakula ambacho baadaye kilikufa. Nilipomsimulia yule mwenzangu wa ofisini, ambaye ni Mluhya, alinitajia zote upya kwa lugha yake, lisutsa, murere, tsimboka, kisha akaniuliza kwa upole kama Nakuru tuna shule.

Tangu siku hiyo Jumamosi asubuhi ni za Dani. Anakuja na kigoda chake, anakaa chini ya kivuli cha ukuta, mimi nalima naye anaongea. Hana kipimo cha sentimita wala cha gramu. Mbegu za osuga na za dek, ile mnayoiita saga, ni ndogo mno kwa vidole, kwa hiyo anazichanganya na mchanga mkavu ndipo anyunyize kwenye mstari. Bila mchanga zote zinaanguka mahali pamoja, zinasongana. Dek haipendi kuhamishwa, ipande pale pale itakapokaa. Maua yakianza yakate, mmea urudi kutoa majani. Na siku nilipotaka kuweka osuga kwenye tuta la nyanya zilizokufa, akanyanyua mkono. "Hapo hapana. Hao ni ndugu, watakufa ugonjwa mmoja." Jumatatu nikamuuliza mwenzangu, akasema ni kweli, mnavu na nyanya ni wa ukoo mmoja wa mimea. Yeye alilisomea darasani. Dani hajawahi kuniambia alilijulia wapi, nami nimeona si adabu kuuliza.

Alinifundisha kupika pia, ingawa hapo nimechelewa kuelewa. Mimi nilizoea mboga ya dakika tano. Osuga na dek za Dani zinachemshwa leo, zinatiwa maziwa, zinalala, zinachemshwa tena kesho na maziwa mengine. Siku ya tatu ndipo anasema zimekuwa mboga. Mrenda nayo ina utelezi wake. Nikikaza kijiko unanifuata hadi mdomoni. Bado tunazoeana.

Hesabu zangu nimeziacha. Si kwa hasira; kuna daftari, nilifika ukurasa wa nne, halafu nikaanza kutumia karatasi zake kufungia mbegu.

Sasa mpapai. Wiki ya kwanza kabisa nilipanda mbegu za papai tamu nililokula, nikabakiza miche mitatu iliyo imara. Hiyo ndiyo iliyonipa faraja wakati vingine vyote vinakufa. Wakati wa kiangazi niliinyeshea kwa maji ya kununua, shilingi 20 mtungi, miti mitatu, jioni kwa jioni. Mwezi uliopita mmoja ukatoa maua yaliyojibana kwenye shina, kila ua na kivimbe kidogo chini yake: huo ni jike, matunda yapo. Leo wa pili nao umefunguka. Maua mengi, madogo, yananing'inia kwenye vikonyo virefu mfano wa hereni. Dume. Miezi minane, na mitungi yote ile ya shilingi 20, kumbe nalea dume. Mpapai haukuonyeshi jinsia yake hadi utoe maua, na wakati huo umeshauzoea.

Keyteka amesema nipigilie msumari kwenye shina, eti utaogopa ugeuke jike. Mwenye duka amesema nikate kichwa. Dani amesema nyamazeni nyote, uacheni, huyo jike akikosa dume karibu ataangusha maua bure. Nimeuacha. Lakini ile mitungi naikumbuka mmoja mmoja. Wa tatu bado haujasema kitu, na mimi siuulizi.

Kwenye tuta la mwisho kuna shina moja la osuga ambalo Dani amenikataza kuchuma. Anataka liive, tuchukue mbegu za msimu ujao: unakamua tunda ndani ya maji, unaosha utomvu wote, mbegu zinazama, unazianika kivulini. Jana nilihesabu matunda saba yaliyokwisha kuwa meusi. Jioni hii baada ya mvua nimehesabu matatu, na mtoto wa nyumba ya tatu amepita mbele yangu akinisalimia kwa heshima kupita kiasi, mdomo wote zambarau.

Sijamwambia Dani. Tunda moja lina mbegu makumi. Matatu yatatosha, ikiwa kesho yatakuwepo.