Futi kamba na choki uani Magomeni

Shangazi alikuja Jumamosi asubuhi, Juni 2018, futi kamba ikiwa shingoni kama kawaida yake. Ni fundi cherehani wa Kariakoo, na hata siku ya mapumziko haivui. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Wiki mbili zijazo naenda Paris kwa binti yangu, na kasema atanipeleka makumbusho ya Louvre, kwenye picha. Nifundishe, nisije nikapita mle kama kipofu sokoni."

Nikaanza na siku, maana hapo ndipo safari nyingi za makumbusho huharibikia. Binti alikuwa amepanga Jumanne, siku yake ya kupumzika kazini. Louvre hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, makumbusho nyingine iliyo ng'ambo ya pili ya mto Seine, hufungwa Jumatatu. Mtu mwenye siku hizo mbili tu, asipoangalia, atajikuta kila siku yuko kwenye mlango uliofungwa. Tulimpigia palepale, akahamishia Ijumaa jioni, kwa kuwa Ijumaa Louvre hukaa wazi mpaka usiku na makundi ya watalii wa mabasi huwa yameshaondoka. Tiketi ya mtandaoni wakati huo ilikuwa euro 17, ya dirishani 15. Nikamwambia alipe hizo mbili za ziada bila kusita, kwa sababu ya mtandaoni huja na saa ya kuingia. Na begi kubwa libaki nyumbani: likizidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliingii.

Halafu hesabu. Louvre huonyesha kazi zipatazo 35,000. Ukiipa kila moja sekunde 10, unahitaji saa 97 bila kula wala kulala. Shangazi akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nichagulie tatu."

Nikamchagulia, na kabla ya kumweleza chochote nikamwomba futi kamba. Kitabuni na kwenye simu picha zote zina ukubwa mmoja. Ya mita kumi na ya shibri moja hukaa ukurasa uleule. Mtu akifika mbele ya picha yenyewe hushangaa, wengine hukasirika, na dakika za kwanza zote zinaishia kwenye mshangao huo. Ni afadhali ukubwa umalizane nao nyumbani.

Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53. Nilipoichora kwa choki kwenye ukuta wa uani, shangazi aliitambua papo hapo: "Hiki si kipande cha mgongo cha shati la mwanamume?" Nikamrudisha nyuma hatua nyingi, mpaka kwenye mlango wa jiko, nikamwambia hapo ndipo atakaposimama, kwa kuwa kuna uzio uliopinda unaozuia watu, na picha iko nyuma ya kioo. Imechorwa juu ya ubao wa mti uitwao mpopla, na ubao hupinda hewa ikibadilika unyevu, kwa hiyo hukaa ndani ya kasha lake. Kutoka mbali hivyo usihangaike na kope. Tazama mikono ilivyolaliana, na ile njia inayopinda nyuma ya bega. Hivyo vinaonekana.

"Ukishaiona," nikamwambia, "geuka nyuma." Ukutani kinyume chake iko Harusi ya Kana, ile harusi ya Biblia ambapo Yesu aligeuza maji kuwa divai, ya mchoraji Paolo Veronese, iliyokamilika 1563, na umati mzima huipa mgongo. Ukuta wetu haukuitosha. Tulitoka hadi uwanja wa mbele ya nyumba, tukaichora chini kwa jivu: mita 6.77 kwenda juu, 9.94 kwa upana. Futi kamba ya fundi ina sentimita 150, kwa hiyo kimo ni futi kamba nne na sentimita 77 juu yake. Kipande kile cha mwisho ni Mona Lisa nzima imesimama wima. Shangazi alipiga hesabu yake mwenyewe kwa khanga na kupata karibu doti 20. Watoto wa mtaa wakaingia ndani ya mistari, nikawaacha, maana picha ile ina watu wapatao 130 na ilifaa aone jinsi wanavyoenea.

Picha hiyo, iliyochorwa juu ya kitambaa, ilikuwa kwenye ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Askari wa Napoleon waliichukua mwaka 1797 na kuikata vipande ili isafirishike. Shangazi aliuliza mishono iko wapi. Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa, na sikuwa na jibu. Nikamwonyesha pa kuanzia: Yesu katikati, chini yake wanamuziki, juu yake watu wanaokata nyama, kulia mtu anayemimina divai. Kisha ahamie kwenye hariri za mavazi yao.

Ya tatu nilimwekea yeye hasa: picha ya msusi wa lesi ya mchoraji Johannes Vermeer, sentimita 24 kwa 21. "Mfuko wa aproni," akasema. Hii hairuhusu haraka. Iko ghorofa ya juu, upande wa jengo uitwao Richelieu, mbali na Mona Lisa iliyo upande uitwao Denon, na wengi hawafiki kwa kuwa miguu imeshachoka. Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya Boston aliandika juu ya uchovu huo mwaka 1916, kwa picha za mtu anayeinama na kujinyoosha mbele ya makabati ya maonyesho. Kwa hiyo nikampangia aanze na hii angali ana nguvu, akae kwenye benchi, ndipo ashuke kwenye umati.

Nikampa picha iliyochapwa. Aliisogeza karibu na macho: bobini, vile vijiti vya kuzungushia uzi, mkononi, pini kwenye mto, na mbele nyuzi nyekundu na nyeupe zinazomwagika kama rangi iliyopinduka. "Huyu anajua," akasema. "Nyuzi za karibu hazionekani vizuri kwa mtu anayetazama pini. Mimi naona hivyohivyo kila siku."

Ijumaa ile ya Paris usiku nilipata sauti yake kwenye simu. Alikaa na msusi wa lesi zaidi ya nusu saa. "Lakini mwanangu, ulinipimia picha, hukunipimia fremu. Kwa mbali nikadhani si yenyewe, nikapita, ikabidi nirudi." Tangu hapo kila nikimchorea mtu ukutani, nachora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza.