Radhi Iliyopokelewa Lakini Haikukubaliwa

Mwaka 1986, mjini Sudbury, Kanisa la Muungano la Kanada liliwaomba radhi wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Lilikiri kwamba lilipowaletea Injili liliwabebesha na mila za Kizungu, kana kwamba Kristo hapokelewi bila hizo. Jibu la wenyeji lilikuja mwaka 1988: tumeisikia radhi yenu, tumeitambua, ila hatujaikubali. Rundo la mawe lililowekwa pale kuwa kumbukumbu likaachwa kwa makusudi bila kumalizika.

Wengi huliona jibu hilo kama kukataliwa. Kwangu ndilo lililolinusuru kanisa, maana liliachiwa kazi ya kufanya.

Radhi ile haikuzitaja shule za bweni, ambako watoto wa wenyeji wapatao 150,000 walipelekwa na serikali, mbali na familia zao, ili waache lugha na mila zao, makanisa yakiziendesha. Kutaja kosa kwa jina kulichukua muda. Mwaka 1997 kanisa lilitoa tamko la toba, likasita kuomba radhi kwa sababu mbele kulikuwa na kesi na madai ya fidia. Radhi ya shule ikaja Oktoba 1998. Waanglikana walikuwa wametangulia: mwaka 1993, huko Minaki, Askofu Mkuu Michael Peers alizungumza mbele ya waliosoma katika shule hizo, baada ya kusikiliza ushuhuda wao, na wazee wakaikubali radhi yake. Kusikiliza kwanza, kusema baadaye: makanisa mengi hugeuza mpangilio huo.

Kisha kuna fedha, na hapa ndipo wakili huonyesha ustadi wake. Katika makubaliano ya mwaka 2006 ya fidia kwa waliosoma katika shule hizo, taasisi za Kikatoliki ziliahidi dola milioni 29 taslimu, huduma za thamani ya milioni 25, na harambee ya milioni 25 nyingine. Ahadi ya harambee iliandikwa kwamba watafanya “kadiri ya uwezo wao”. Zilipatikana chini ya milioni 4, na mwaka 2015 mahakama ikawaondolea deni lililobaki. Maneno manne yalitosha kuiyeyusha ahadi. Mwaka 2021 maaskofu waliahidi upya, dola milioni 30 ndani ya miaka mitano. Anayeandika ahadi ya namna hii aweke kiasi, tarehe, na nani atalipa pengo likibaki.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada, iliyochunguza shule hizo, ilitoa miito 94 ya utekelezaji. Namba 59 inayataka makanisa yawafundishe waumini wake kwa nini radhi ilihitajika, na namba 61 inataka fedha za kudumu kwa ajili ya uponyaji na kufufua lugha na tamaduni. Kubadilisha nembo ni rahisi zaidi. Kanisa la Muungano lilifanya hivyo mwaka 2012, likaongeza rangi nne na maneno ya Kimohawk, mojawapo ya lugha za wenyeji. Ni jambo jema, lakini halimpi mjukuu jina la babu yake.

Jina hilo liko kwenye makaratasi, na kazi ya makaratasi haina shangwe. Familia inayomtafuta mtoto asiyerudi huhitaji vitabu vya ubatizo na vya mazishi, orodha za wanafunzi, shajara za watawa na picha zenye maelezo nyuma. Vitabu vya sakramenti mara nyingi hubaki parokiani, kwa hiyo kukabidhi nyaraka za makao makuu hakutoshi. Mtoto alipewa jina jipya la Kikristo, mara nyingi na namba ya shule juu yake, na jina la ukoo likaandikwa jinsi karani alivyolisikia. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utamkosa. Anza na mwaka wa kuingia shule na jamii aliyotoka, kisha linganisha tahajia zote pamoja na majina ya ndugu zake. Na usiisubiri familia ije kuomba: tengeneza orodha ya ulichonacho, kurasa zilizochanika zikiwemo, uipeleke kwao.