Amunike na Neno la Mjomba

Tangu Jumapili neno la Mjomba limenikaa kooni. Mahari ya mdogo wangu ilikwisha pokelewa, wageni wameondoka, na mazungumzo yakahamia Taifa Stars na kocha wake wa zamani, Mnigeria Emmanuel Amunike, ndipo aliposema, "Amunike? Yule alitupeleka Misri tukafungwa mechi tatu, akaondoka zake." Nilimjibu kwamba bila yeye tusingefika huko. Akacheka: "Kufika si kucheza, mwanangu."

Kila nikilala nalijibu upya. Ningemwambia kwamba tulikuwa hatujaonekana katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980. Ningemkumbusha tarehe 24 Machi 2019, tulipokaa pamoja mzunguko pale Uwanja wa Taifa: Uganda imekwisha lala kwa mabao 3-0 ya Msuva, Nyoni na Morris, lakini Lesotho ikiwashinda Cape Verde kule Praia sisi tunabaki nje, na Mjomba huyohuyo ameibana redio ya simu sikioni huku akitunyooshea kiganja tunyamaze, hadi ilipotangazwa sare tasa, akanikumbatia huku analia.

Hasira ilipungua jana, nilipoanza kuwaza juu ya Cairo. Amunike alihamia Zamalek, klabu ya mji huo, akiwa kijana kutoka Lagos, na ni mji huo uliomfungulia njia ya Sporting ya Ureno na Barcelona, kisha Korea Kusini na Jordan. Mwaka 1994 aliifunga Zambia mabao mawili katika fainali ya Afrika, akawa mchezaji bora wa bara. Miaka miwili baadaye bao lake dhidi ya Argentina likaipa Nigeria dhahabu ya Olimpiki. Halafu goti likamwangusha akiwa Barcelona, katika umri ambao winga huwa ndiyo kwanza anakomaa. Hakukata tamaa: mwaka 2015 vijana wake wa Nigeria wa chini ya miaka 17 walitwaa Kombe la Dunia nchini Chile, na mwaka 2019 alirudi Cairo akiwa na Taifa Stars, ambao waliongoza mara mbili dhidi ya Kenya kabla ya kulala 3-2. Mtu aliyeaminiwa na mji huo angali kijana alikuwa na haki ya kutuingiza humo, na ninamshukuru.